Kengele ya Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama na mimi nazunguka mitaani natafuta kengele. Ndiyo kazi yangu hiyo. Filamu ikitaka kitanda, natafuta kitanda. Ikitaka jeneza, nalileta, watu wananikwepa njiani. Safari hii muongozaji wetu, tunayemwita Kata kwa sababu ndilo neno analolipenda kuliko mkewe, alikuwa amekataa kila kengele niliyompelekea. "Hii inalia kama ya baiskeli! Hii ya shule! Nataka ya mgonjwa wa kitandani, inayoudhi!" Nilimtukana kimoyomoyo nikarudi barabarani.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kengele iliyolaaniwa. Msichana anaajiriwa kumtunza bibi mgonjwa, bibi anakufa, kengele inaendelea kuita. Basi. Zinauzika hizo. Na aliyemwigiza msichana huyo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, niliyemlea mwenyewe tangu mama yetu afariki. Hajawahi kupewa nafasi kubwa namna ile. Kwa ajili yake ningeifuata kengele hata makaburini.

Fundi cherehani mmoja akanielekeza nyumba iliyo nyuma ya duka lake. Nikabisha. Akafungua mama mwembamba, pamba masikioni, anaongea kwa kelele kama wasiosikia vizuri.

"Kengele? Ipo! Ya mama mkwe wangu. Chukua!"

Hakuuliza hata ya nini. Alirudi ameishika kwa kitambaa, kaiweka mbali na mwili kama aliyeokota panya. Ilikuwa ya shaba, mpini wa mti, ndani imeshindiliwa matambara isiweze kulia. Na ilinuka... dawa ya kuchua, na shuka la mtu aliyelala siku nyingi bila kugeuzwa.

Hapo ndipo aliposhusha sauti.

"Alikuwa akiniita kwa hiyo, mchana na usiku. Hana shida yoyote, dada, ananikomoa tu. Sasa amekufa... na hajaacha."

"Hajaacha nini?"

"Kuita. Ikilia, mtu asiitike. Ukiitika, umeshakubali kazi."

Akafunga mlango. Nikasikia komeo, kisha komeo jingine.

Nilipomsimulia Kata, alipiga makofi. "Ukiitika umekubali kazi! Hiyo lazima iingie kwenye filamu!" Watu wa sinema za kutisha ndivyo walivyo. Mwambie nyumba yako inaungua, atakuuliza mwanga ukoje.

"Mdogo wangu haitikii hicho kidude," nikamwambia.

"Dada, usiniharibie," mdogo wangu akasema, machozi yanamlenga. "Ni sauti tu."

"Nitakuharibia hayo meno! Nimesema haitiki mtu!"

Tuligombana mpaka jirani akachungulia. Aliyetuamua ni mtu wa sauti, tunamwita Masikio, kijana mpole ambaye hata akikanyagwa anaomba radhi yeye. Akasema mbona rahisi, shangazi. Tunairekodi kengele peke yake, mdogo wako hayupo. Siku nyingine tunamrekodi yeye anaitika, kengele haipo. Kompyuta itaviunganisha. Nikamkumbatia. Kwa akili zangu, hapo mdogo wangu alikuwa salama.

Tukairekodi saa sita mchana. Nje jua kali, watoto wanacheza. Ndani tumeziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, usiku wetu wa kutengeneza. Mdogo wangu nilimfukuza mpaka kwa rafiki yake mtaa wa pili. Kata nilimbandika utepe wa gundi mdomoni, akadhani namtania. Nikachomoa matambara. Nikatikisa.

Sauti yake ilikuwa kali, yenye kisirani. Inakuingia kwenye fizi. Na ajabu ni kwamba mdomo unakuwasha kuitika! Tangu utoto umefundishwa, mkubwa akiita, unaitika. Niliuma ulimi nikaonja damu.

Nikaiweka chini. Masikio akanyoosha kidole: kimya kidogo, anarekodi utulivu wa chumba.

Kimya.

Halafu ile harufu... dawa ya kuchua. Shuka bichi.

Kitanda kikalia, kwi...

Kitanda nilichokileta mimi, godoro jipya, nailoni yake hata haijatolewa. Nailoni ikabonyea taratibu katikati, kama inaketiwa.

Masikio alikuwa amebadilika rangi. Akavua hedifoni akanivisha mimi. Nikasikia pumzi. Si yangu, si yake. Pumzi ya mtu mzee mwenye hasira, karibu kabisa na kipaza sauti, analamba midomo.

Anangoja.

Nilirarua kitambaa cha dirisha, jua likaingia. Godoro likainuka. Niliishindilia ile kengele matambara nikaenda kuitumbukiza kwenye choo cha shimo, huku Kata anahangaika na utepe wake akilalamika kwamba hakuna aliyewasha kamera.

Wiki iliyofuata mdogo wangu akarekodiwa nyumbani kwa Masikio, kwenye kichumba kilichozungushiwa magodoro. Hakuna kengele, hakuna chochote. Akasema, "Abee mama, nakuja!" Sauti tamu, ya mtoto aliyelelewa. Mara moja tu ikatosha. Nikajiona mjanja kuliko wachawi wote.

Jioni moja tuko jikoni, yeye anakatakata vitunguu, ananiigiza ninavyogombana na Kata, mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Ghafla kisu kikatulia. Akainuka.

"Abee mama, nakuja."

"Acha mchezo wako!"

Hakunitazama. Alitia maji kwenye beseni, akachukua taulo langu, akaingia chumbani kwake. Nikamfuata. Amepiga magoti kando ya kitanda kitupu, anafuta hewani, taratibu, kwa adabu. Kisha akaingiza mikono chini akanyanyua kitu kizito, mishipa ya shingo imemtoka. Godoro lilibonyea upande wa pili.

Nikampigia Kata. Alipokea kwa furaha. "Ndiyo kwanza tumeviunganisha! Sikiliza!" Kwenye simu nikasikia kengele... halafu, "Abee mama, nakuja!" Na mdogo wangu, pale pale mbele yangu, akaitika tena.

Nilimlilia Kata aifute. Nilimlilia, mimi! Akaniahidi. Kesho yake filamu ilikuwa imeshauzwa, iko kwenye simu za watu, kwenye vibanda, kwenye mabasi ya safari ndefu. Ikapendwa. Watu walinipongeza sokoni na mimi nataka kuwatemea mate.

Maana kila ilipochezwa popote, mdogo wangu aliinuka. Anakula, anainuka. Anaoga, anatoka na povu. Mikono ikababuka kwa maji ya moto, mgongo ukapinda, macho yakazama. Nilimfunga kwa kanga kwenye kiti, akaburuta kiti. Nilimziba masikio kwa pamba. Mwito haukupitia huko tena. Nilirudi kwa yule mama mwembamba, nikakuta nyumba tupu, na pamba zimetupwa kizingitini.

"Huyo anayekuita anasemaje?" nilimuuliza mdogo wangu siku moja.

"Anasema maji ni ya baridi." Akageuza uso. Shavuni kulikuwa na alama ya vidole, virefu, vyembamba. "Dada, nimechoka. Mwambie aniache."

Nimwambie nani? Nililia kwa hasira, hakuna mtu wa kumpiga.

Kilichomwokoa ni upuuzi wa watu. Kata alinilazimisha kwenda kwenye maonyesho, kwenye ukumbi wa bwana mmoja mnene anayeitwa Tajiri wa Viti. Nilimpeleka mdogo wangu nikiwa nimemshika mkono, nikijua kinachokuja. Kengele ikalia. Na kabla mdogo wangu hajafungua mdomo, Tajiri wa Viti, mcheshi wa mtaa, akabana sauti kama ya kike: "Abeee mama, nakujaaa!" Ukumbi ukaangua kicheko, na wale wa mbele wakaitika naye.

Mdogo wangu hakuinuka.

Alilala usiku ule kama mtoto mchanga. Nilikaa macho nikimwangalia, naogopa kufurahi.

Asubuhi nikakutana na mke wa Tajiri, kanga begani, macho mekundu. "Mwenzangu, mume wangu ana nini? Amejifungia na beseni, anapangusa godoro tupu, anamwita mtu mama. Mama yake yuko hai, tena anakaa nyumba ya pili!"

Nikamwambia pole sana. Nikarudi nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anakula, akaomba aongezewe.

Sijui inachaguaje. Ninachojua ni kwamba ukumbi ukiitika, yeye anapumzika, na pakipita muda bila mtu mpya, anaanza kugeuza shingo kuelekea chumbani. Kwa hiyo nilimpa Kata wazo la biashara: anayeitika kwa sauti kubwa kuliko wote apewe zawadi. Alinisifu, akasema hatimaye nimeijua kazi. Sasa wanaitika kila mahali, wanaume wazima, kina mama na watoto wao mapajani. Mniite mnavyotaka. Nyinyi hamkumwona akiburuta kile kiti. Filamu ikifika kwenu, itikeni vizuri.

Amenenepa. Anaimba akifua. Juzi aliniita kutoka chumbani, "Dada!" Nikabana mdomo. "Dada!" Nikabana. Akaita tena na tena, hadi akatoka mwenyewe, sindano na uzi mkononi, alikuwa anataka nimtungie tu.

"Dada, mbona siku hizi huniitikii?"

Nilimtazama kwanza miguu, kisha mikono, kisha uso. Nilipohakikisha ni yeye, ndipo nikanyoosha mkono kupokea sindano.