Ni Matunda Tu

Usigeuze uso. Ninakusema wewe uliyemkuta Mama Sindano amelala kwenye kizingiti cha duka lake la kushonea, ukamruka kama dimbwi la maji, ukaenda zako kununua mkate. Na alipoacha pombe hukumpongeza. Ulimkaribisha tena. "Moja tu, itakuua?" Ninyi mmesahau, mimi sijasahau. Kaa nikusimulie, na ukijiona humu ndani usiseme nimekutungia.

Ilikuwa wiki ya likizo, asubuhi yenye jua la kupendeza, na gari la kaka yake Mama Sindano lilikuwa limejaa watu na vicheko. Mbele walikaa kaka na mkewe. Nyuma walikaa bibi, mama yake kaka na Mama Sindano, na Mama Sindano mwenyewe, na katikati yao Kifungo, binti wa Mama Sindano, miaka kumi na mmoja, miguu yake mirefu imekosa pa kukaa. Walikuwa wanakwenda kutembelea kiwanda cha mvinyo wa matunda. Wifi ndiye aliyechagua.

Kifungo alikuwa haishi na mama yake. Siku moja Mama Sindano alilewa akamsahau kwenye geti la shule, mpaka mlinzi akamchukua mtoto kwa mkono na kumpeleka kwa bibi. Akabaki huko. Wiki ileile mama akaacha pombe, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Bibi alikuwa amesema: likizo hii ikiisha bila tone, mtoto anarudi kwa mama yake. Mama Sindano alikuwa ameshashona pazia la chumba cha binti, na foronya mbili, na akafumua pindo mara tatu mpaka liliponyooka.

Kila wanapokutana, kabla ya salamu, Kifungo husema, "Ukaguzi, mama." Mama huinama na kumpumulia puani, haaa. "Umepita," husema mtoto, ndipo wanapokumbatiana. Asubuhi ile alikuwa amepita.

Kiwandani walipokewa na mwonjaji, mama mmoja mnene aliyevaa buti za mpira na koti jeupe. Aliwaonyesha mananasi yakimenywa, na mapipa ya chuma marefu kuliko mlango, ambamo juisi hukaa miezi sita, kisha akawaingiza chumba cha kuonjea. Kulikuwa na meza ndefu, glasi ndogondogo, na ndoo yenye mfuniko uliotobolewa katikati.

"Hii ni ya kutemea," alisema. "Sisi wa kazi hii tunaonja, tunatema. Tangu asubuhi nimeonja aina kumi na mbili na naweza kutunga uzi kwenye sindano."

"Kitu kitamu hivi unakitemaje?" alisema wifi, na glasi ya pasheni ikashuka yote.

Mama Sindano aliomba juisi ya nanasi.

"Wifi, na huu nao ni nanasi," wifi alisema akiinua chupa. "Limekaa tu kidogo."

"Limekaa miezi sita, wifi. Hata mimi ukinifungia kwenye pipa miezi sita sitatoka nilivyoingia."

Bibi alicheka, akamshika Kifungo mkono wakaenda kuona mashine ya kubandika lebo. Mama Sindano akaenda kunawa mikono. Hapo ndipo wifi alipomwaga nusu ya ile juisi na kujazia mvinyo. Hakuwa na roho mbaya, nawaambia. Aliamini kabisa kwamba kitu kilichotoka kwenye tunda hakiwezi kumdhuru mtu, na kwamba wifi yake akinywa bila kujua na akabaki mzima, basi mambo ya kujinyima yataisha na familia itastarehe. Kaka aliona. Andika hapo: aliona, akatazama dirishani.

Mama Sindano alirudi, akapiga funda kubwa.

Ulimi ulijua kabla yake. Utamu ulitangulia, nyuma yake ukaja ule moto mdogo anaoujua kama sauti ya mlango wa nyumbani. Koo likafunguka lenyewe. Kumeza kungekuwa rahisi, maana hakuna ambaye angemlaumu, alikuwa ametegwa. Funda moja, kisha glasi iliyobaki, kisha chupa. Alimwona wifi anamtazama kwa tabasamu la kusubiri. Akaona ndoo. Kati yake na ndoo kulikuwa na hatua nne, na alizitembea mashavu yamevimba kama mtu aliyebeba maji ya moto mdomoni. Akatema. Akasukutua kwa maji, akatema tena.

"Nani ameweka?"

"Utani tu, wifi. Si matunda?"

Mlangoni walikuwa wamesimama Kifungo na bibi yake. Mtoto alitazama glasi, akamtazama mama. "Ukaguzi, mama."

Angeweza kukataa. Aliinama, akapumua. Uso wa mtoto ulijifunga kama duka.

"Inanuka."

"Inanuka, ndiyo. Iliingia mdomoni, haikushuka. Sikuiweka mimi. Siwezi kukuambia uniamini, nilikudanganya sana zamani. Muulize aliyeona."

Kifungo akamgeukia kaka. "Mjomba, uliona?"

Kaka aliweka glasi yake mezani. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. "Niliona," alisema. "Mama yako ametema yote. Na aliyemwekea nilimwona pia, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu."

Mwonjaji aliichukua chupa akamsogezea wifi lebo. "Soma, dada. Kumi na tatu kwa mia. Bia ina tano. Sukari ya nanasi iligeuka pombe zamani." Kisha akamwelekea Mama Sindano. "Wageni wote wa wiki hii, ni huyu tu aliyeonja kama mtu wa kazi."

Kifungo alikwenda mpaka kwenye ndoo, akainama, akanusa lile tundu. Akarudi taratibu.

"Umepita."

"Hata na harufu?"

"Na harufu yake."

Walikumbatiana mpaka buti za mwonjaji zikaanza kusogea kwa aibu. Kaka alimwaga glasi yake ndooni.

"Leo hiihii mtoto anahama," alisema bibi. "Na mimi ananikagua kila siku, nimechoka."

"Wifi, nisamehe," alisema wifi, macho chini.

"Nimekusamehe. Lakini ndoo utaibeba wewe."

Na aliibeba, mbele ya wageni wote, mpaka nje.

FUNZO

Mtu aliyeacha pombe hahitaji uamuzi wako juu ya kipi ni pombe na kipi ni matunda. Kumwekea kwa siri ni kumwibia mtoto mama yake. Na anayeona akatazama dirishani ameshika chupa pamoja na anayemimina. Familia ile iliokoka kwa sababu mwanamke mmoja alitembea hatua nne, na mwanamume mmoja akafungua mdomo, ingawa alichelewa.

Wewe unamjua wa kwenu. Jina lake limekujia sasa hivi. Weka karatasi hii chini, nenda kwake, umwambie: "Sitakumiminia tena, na akija wa kukumiminia, nitasema." Usingoje kesho. Inuka.