Pilipili Kwenye Mchoro wa Peng

Saa tatu asubuhi.

Mlango wa nyuma ulipigwa komeo. Dirisha likazibwa kwa gunia. Ndani watu watatu, meza moja, na sufuria ya gundi. Duka lilikuwa la Shangazi Miao, mjane, fundi wa kubandika michoro kwenye mgongo wa karatasi na hariri. Chumba chote kilinuka gundi hiyo, unga wa ngano uliopikwa na maji ya pilipili ya Sichuan ili wadudu wasile kazi ya watu.

Qiao, mkubwa wao, alilowesha kidole kwenye chai akachora mezani ua wa nyumba ya Mzee Peng. Hapa lango. Hapa meza ndefu. Hapa veranda. Leo ilikuwa tarehe sita ya mwezi wa sita, siku ambayo Suzhou nzima hutoa vitabu na michoro ikapigwe jua. Peng angetandaza yake yote, na wageni wangekuja kuitazama, mkuu wa polisi akiwa mmoja wao.

"Hatutoi kisu," Qiao alisema. "Mchana wingu litakuja. Mwezi huu halikosi. Likija, kila mtu atakimbilia kukunja michoro. Hapo Bwana Brashi anafanya kazi yake."

Bwana Brashi ndilo jina alilompachika Shen Lian, na hakulitaja bila kucheka. Lian alikuwa mnakili. Kunakili kazi za wakubwa wa zamani si wizi, ndivyo mchoraji anavyojifunza, na Peng alimkaribisha kila mwaka akae mbele ya mchoro mmoja, Mlima Baada ya Theluji. Aliunakili na kuunakili mpaka akajua mahali ambapo mtawa wa kale aliyeuchora alivuta pumzi kabla ya kuteremsha brashi. Nakala yake bora sasa ilikuwa ndani ya mfuko wa bluu, pacha wa mfuko wa Peng, fupi kiasi cha kuingia kwenye mkono wa kanzu.

Hakuitaka kazi hii. Qiao alimshika kidole gumba cha kulia mwezi uliopita, akakiminya polepole, akamuuliza bila hiki utashikaje brashi. Lian hakuwa na kazi nyingine duniani.

Shangazi Miao alikoroga sufuria. Akawaonya kwamba gundi ya nakala bado mbichi, itanuka pilipili mpaka majira ya baridi. Ule mchoro wenyewe ni mkongwe, haunuki kitu.

"Basi muombeeni Peng mafua," alisema.

Qiao hakucheka. "Na mimi nitajuaje kama nimeletewa wenyewe?"

"Una pua, Kaka Mkubwa. Nusa."

Qiao akamgeukia Lian, akamtazama muda mrefu. "Umesikia, Bwana Brashi. Nitanusa."

Saa saba mchana.

Ua wa Peng ulijaa. Wageni walikula tikiti maji mbali na meza, wasije wakadondosha maji. Lian alisimama mbele ya mlima wake, jasho likimtiririka mgongoni. Mlangoni aliona kofia ya Qiao. Haikuondoka.

Ngurumo ikapiga upande wa ziwa. Jua likazimika. Watoto wa Peng, watumishi, mkuu wa polisi mwenyewe, wote wakakimbilia meza.

"Lian," Mzee Peng aliita kutoka kitini. "Ule wa theluji ukunje wewe, mwanangu. Siamini mikono mingine."

Lian akaukunja. Akaufikisha verandani, akawapa watu mgongo. Mfuko mmoja ukaingia kwenye mkono wa kanzu, mwingine ukatoka. Akauweka rafuni, akamwinamia mzee, akatoka.

Saa saba na nusu.

Mashua yenye paa ilifungwa chini ya daraja, hatua chache tu kutoka lango la Peng. Mvua ilipiga paa. Qiao aliufungua mfuko, akakunjua mchoro kidogo, akainamisha pua.

Akanusa tena.

"Pilipili," alisema.

Lian aliapa ni wenyewe. Alisema ameukunja kwa mikono yake, anaujua kila uzi wa karatasi ile. Akamgeukia Shangazi Miao, aliyewasubiri mashuani, aseme neno. Miao alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Umeniachia wenyewe kule kwa baba yako Peng," Qiao alisema, taratibu kabisa. "Ukadhani mimi ni mjinga wa sokoni."

Alikiweka kidole gumba cha Lian kwenye ukingo wa mashua, akakipiga kwa mpini wa kasia. Mara mbili. Kisha akachomeka kisu kiunoni akaruka nchi kavu. Mvua bado inanyesha, alisema, mifuko bado iko rafuni, na kazi ya mtu mzima ataifanya mtu mzima.

Miao alingoja nyayo zake zipotee. Ndipo akachana kitambaa, akamfunga Lian mkono, kwa uangalifu, kama anavyofunga hariri.

"Ni wenyewe," Lian alisema.

"Najua. Peng aliniita kwake majira ya baridi. Mgongo ulikuwa umeachia. Nikaubandika upya mbele ya macho yake, gundi mbichi, siku nzima pua yake juu ya sufuria yangu. Akaniomba nisiseme. Hakuna mwenye mchoro anayependa ijulikane umetengenezwa."

"Na nakala yangu?"

"Gundi ya zamani ya marehemu mume wangu. Hainuki hata chembe."

"Ungeniambia, Shangazi."

"Uso wako haujui kudanganya, mwanangu. Mkono tu."

Alimshusha kwenye ngazi za mawe, akamwambia amtafute mganga wa mifupa. Akaisukuma mashua kwa mti mrefu, akaondoka. Mfuko wa bluu ulikuwa chini ya shali yake.

Juu, mbele ya lango, makelele yakalipuka. Qiao alitolewa na askari, ameshikwa mikono na miguu, mfuko ule mwingine bado kwapani, na mkuu wa polisi nyuma yake na vipande vya tikiti kwenye ndevu. Mzee Peng alifuata chini ya mwavuli.

Lian angeweza kuondoka. Hakuna aliyemwona. Alijaribu kukunja kidole gumba, hakikukunjika. Mashua ilikuwa inaelekea lango la maji, pale mfereji unapotoka nje ya mji.

Akapanda ngazi mpaka mvuani, watu wamuone.

"Mzee," alisema. "Huo mchoro mliomkamata nao ni wangu, mimi nimeuchora. Wako uko kwenye ile mashua. Waisimamishe, kisha unuse mwenyewe."

Peng alimtazama uso. Halafu mkono. Halafu akauinamia mfuko uliokuwa kwapani mwa Qiao, akanusa, hakupata pilipili. Akaelekeza mkono kwenye mashua, na askari wakaanza kukimbia kuelekea lango la maji.

Lian akanyoosha mikono yote miwili, afungwe.