Kula ni Lazima

Fundi wa lifti aliporudi mezani na kikombe cha chai, kete moja nyeusi ilikuwa imesogea.

Alisimama akaitazama. Alikuwa akicheza drafti peke yake, kama kila jioni: vifuniko vyekundu vya chupa upande wake, vyeusi upande wa kiti kitupu. Akishacheza nyekundu, huzunguka meza akacheza nyeusi. Alipokwenda jikoni kuepua chai alikiambia kile kiti, kwa mzaha wa mtu aliyezoea kuongea na kuta, "Haya, zamu yako." Na kiti kilikuwa kimecheza. Tena kimecheza vizuri; yeye mwenyewe asingeiona njia ile.

Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye aliketi, akafikiri, akajibu, na tangu hapo mchezo uleule ukaendelea, hatua moja kila jioni.

Alikuwa amepita miaka arobaini, na mji ule aliuhamia kikazi miaka miwili nyuma. Kazini alikuwa na watu, lakini ni watu wa mpaka saa za kutoka; baada ya hapo kila mmoja na kwake. Dada yake alimpigia simu kila wiki.

"Kaka, umepata watu?"

"Nina watu kazini."

"Hao ni wa kazini. Ukiugua, nani atakuchemshia maji?"

"Nina birika la umeme."

"Birika halitakuuliza umeamkaje."

Maneno hayo yalimkaa. Ndipo akaanza kupita kwenye baraza ya kinyozi wa mtaa, ambako wanaume walicheza drafti baada ya kazi. Alisimama pembeni siku kadhaa, mikono mfukoni, mpaka kinyozi akachoka.

"Wewe mlinzi, utasimama hapo mpaka tukulipe mshahara? Kaa."

Akakaa. Mchezo wake wa kwanza aliiacha kete ya mpinzani aliyopaswa kuila, na baraza nzima ikapiga kelele: "Kula ni lazima!"

Mwalimu mstaafu, mkubwa wa baraza, alimweleza kwa subira. "Kete ya mwenzako ikiwa wazi unaila, hata kama unaona ni mtego. Usipoila, yako inatolewa."

"Hapa hakuna demokrasia," akasema muuza magodoro, ambaye wote walimwita Magodoro. "Ukitaka uhuru, kacheze karata."

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alicheza vizuri kuliko walivyotarajia, kwa kuwa nyumbani alikuwa na mwalimu mwingine, ambaye hakumtaja. Siku kinyozi alipohama nyumba, walimwita kubeba kabati. Walikwama nalo kwenye ngazi, Magodoro akabanwa kidole akatukana ukoo mzima wa seremala, wote wakacheka hadi wakaliweka chini. Fundi alitembea kurudi kwake akitabasamu peke yake njiani. Mgeni haitwi kubeba kabati.

Alipofungua mlango alipokewa na harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Ubaoni kete moja nyeusi ilikuwa imeachwa wazi, kizembe, kama zawadi. Akaila. Kwenye kiti cha pili kitu kikavuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Kesho yake Magodoro alimtazama usoni na kumwuliza kwa adabu, "Samahani, kaka, unasubiri kunyolewa?"

Wakacheka. Magodoro hakucheka.

"Jamani, mbona mnacheka? Huyu ni nani?"

"Kidole ulichobanwa jana nacho kimekusahau?" kinyozi akamtania.

Magodoro akakiangalia kidole chake kilichovimba. Alikumbuka kabati, alikumbuka ngazi. Mtu wa nne aliyeshika pembe ya nyuma hakumkumbuka.

Jioni ile kulikuwa na kete nyingine wazi. Fundi aliila kwa mazoea, kabla hajafikiri, na asubuhi Mwalimu akampita barabarani, akamwitikia salamu kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia. Hapo ndipo alipoelewa, na kwa kuwa alielewa, jioni iliyofuata alipoona kete ya tatu imewekwa wazi mbele yake aliificha mikono mapajani akakaa hivyo, akisikiliza kiti cha pili kikilia kama kinachoegemewa na mtu mzito anayesubiri, mpaka kifuniko kimoja chekundu, cha kwake, kikateleza chenyewe ubaoni, kikafika ukingoni, kikaanguka sakafuni na kuzunguka muda mrefu kabla ya kulala. Asubuhi huko kazini mtu mwenye koti la mtunza stoo alimpiga bega akamwuliza jino linaendeleaje, naye akamjibu vizuri, akacheka panapostahili kucheka, huku akitafuta kichwani na asipate kitu kuhusu mtu ambaye wengine walimwambia baadaye kuwa amekuwa akila naye chakula cha mchana miaka yote miwili.

Aliutupa ule ubao jalani. Aliporudi ulikuwa mezani, kete zote mahali pake.

Alimweleza kinyozi yote akiwa amefungwa shuka shingoni, kwa sauti ya chini, akimtazama kwenye kioo. Kinyozi alizima mashine.

"Ungekuwa mlevi ningejua la kukujibu," akasema. "Mke wangu ana shangazi. Anashona sare za shule, lakini watu humwita kwa mambo kama haya."

Shangazi alikuja na kinyozi Jumamosi mchana, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakutoa dawa wala kitabu. Alisimama mbele ya meza, akanusa, akauliza nani aliyemwita huyo wa kwenye kiti.

"Hakuna aliyemwita," fundi akasema.

"Yupo. Hawa hawaji bila kuitwa."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikiambia kiti, zamu yako."

"Basi. Aliyepewa zamu hafukuzwi katikati. Ataondoka mchezo ukiisha." Akashusha sauti. "Umebakiwa na kete ngapi?"

"Mbili. Nyingine nilizitoa mwenyewe mapema, nikicheza peke yangu."

"Na watu?"

"Dada yangu. Na huyu."

Kinyozi alitazama sakafu.

"Ukitaka kushinda utakula," shangazi akasema, "na kila utakapokula, mtu wako mmoja atakusahau. Usipokula, zako zitatolewa, na utasahau wewe."

"Kula, fundi," kinyozi akanong'ona. "Mimi nisahau tu. Utakuja kunyolewa, nitakuudhi, tutajuana upya."

"Na dada?"



Fundi alifikiri kama alivyofikiri akiwa kwenye shimo la lifti. Kamba ikifunguka ncha zote mbili, kila kitu kinakwenda chini. Ikibaki imeshikwa ncha moja, bado kuna pa kuvutia.

"Wao washike," akasema. Akakaa.

Kete mbili nyeusi zilikuwa wazi mbele yake. Aliikalia mikono yake. Harufu ya kisima ilipanda mpaka ikawa ladha mdomoni, na ule upande wa pili wa meza hewa ikawa nzito kama nguo mbichi, na mbao za kiti zikaanza kulia moja baada ya nyingine kana kwamba kinachokikalia kinainama mbele, kinamsogelea usoni, kinamsihi ale. Naye, ili amshike dada yake asimponyoke, akaanza kumsema kwa sauti, kwamba ni mdogo wake lakini humgombeza kama mama, kwamba hucheka kabla ya kumaliza kichekesho chake, kwamba walipokuwa wadogo alimficha chini ya kitanda baba alipo—

Kifuniko chekundu kikaanguka sakafuni.

 Fundi hakujua tena alikuwa akimsema nani.

"Usiniache, kaa hapa," akamwambia kinyozi.

"Nipo. Nimekushika bega. Unasikia mkono?"

"Nasikia."

Kifuniko cha mwisho kilichukua muda. Kilipoanguka, kiti cha pili kikarudi nyuma chenyewe kwa mkwaruzo mrefu. Mlango ukafunguka. Nyayo zikatoka, zikashika ngazi, na harufu ikazifuata.

Fundi akageuka. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye vipande vya nywele za watu kwenye shati, amemshika bega na analia.

"Samahani, ndugu," fundi akasema kwa upole. "Umekuja kuhusu lifti?"

Kinyozi alijifuta uso kwa kiganja. "Hapana. Mimi ni rafiki yako."

Si neno ambalo mwanamume wa umri ule huambiwa na mtu asiyemjua. Fundi alimchunguza, akaona hatanii. Akasogea pembeni ya benchi alilokalia ili mgeni apate pa kukaa.

Shangazi alikuwa bado mlangoni, kidole mdomoni. Zile nyayo hazikufika barabarani. Zilisimama ghorofa ya chini yake. Wakasikia mlango ukigongwa, kitasa kikizungushwa, na sauti ya mtu, nyembamba kwa kukaa bila kutumika, ikisema kwa furaha, "Karibu! Karibu ndani, sikutegemea mgeni."

"Nani anaishi hapo chini?" shangazi akauliza.

Kinyozi hakujua. Wote wawili wakamtazama fundi. Alijitahidi kukumbuka. Mlango wenyewe aliujua, rangi yake, komeo lake. Alikuwa ameupita na sanduku la vifaa asubuhi na jioni kwa miaka miwili. Lakini aliyekuwa ndani hakumpata kichwani, na hili halikuliwa na mtu yeyote. Hakuwahi kumjua.

Chini, kiti kikavutwa kuelekea mezani.