Nani Aliyelichoma Tumbawe la Ardith?

Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi, Leland Hruska aliteremka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, hapa Milwaukee, akakuta tumbawe la marehemu mkewe, Ardith, limekuwa jeupe ndani ya tangi. Si lote. Lilipauka upande wa juu, lakini chini kwenye kivuli zambarau yake ilikuwepo bado. Mzee wa miaka sabini na mmoja alikaa kwenye ngazi akalia, kisha akampigia simu Bernadette Kowalczyk.

Sisi wa chama cha wafugaji matumbawe tunamjua Bernadette. Miaka ishirini na sita alichunguza majengo yaliyoungua, na kustaafu hakujamfundisha kunyamaza. Tumbawe lenyewe nalo tunalijua. Ardith alilileta nyumbani likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea kwenye tangi miaka kumi na minne hadi likawa pana kama sinia. Kwetu desturi ni kumegeana vipande, ili lako likifa mwenzako akurudishie. Ila tangu Ardith azikwe, Leland hakukubali limegwe hata kidogo, na vipande vya zamani vyote vilishakufa. Kwa hiyo lilikuwa hilo tu, na Leland alikuwa ameshatuambia: likifa, na tangi basi.

Bernadette alifika saa tatu kasorobo.

"Nani kagusa?"

"Dewey Pagel! Ijumaa na Jumamosi nilikwenda kuvua samaki ziwani, yeye ndiye aliyekuja kuwalisha hawa wa humu ndani. Mwaka mzima ananiomba kipande, namkatalia. Sasa kaamua kunikomoa."

"Rafiki yako wa miaka ishirini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Berni."

"Haya, acha basi nikague nguo kwanza."

Alipima chumvi, akapima joto. Maji yalikuwa safi, samaki wazima. "Kosa lingekuwa la maji, lingeungua hadi chini," alisema. "Hili limechomwa kutoka juu. Lete simu nione mipangilio ya taa."

Leland aliisogeza simu hadi karibu na pua ndipo akaona pa kubonyeza. Taa zote mbili za tangi zilikuwa asilimia sitini. Tangu Februari hakuna aliyebadili kitu.

Bernadette akazamisha kipima mwanga. Chini ya taa ya kushoto kilisoma 170, vilevile kama ilivyoandikwa kwenye daftari la Februari. Chini ya taa ya kulia, iliyo juu ya tumbawe la Ardith, kikasoma 330. Akapanda kigoda, akapitisha kidole kwenye kioo cha taa ya kushoto. Kilikuwa na ukoko wa chumvi na vumbi la miaka. Kioo cha kulia kiliteleza, na kilinukia siki.

"Ulianza lini kuona mabadiliko?"

"Leo! Jumapili lilikuwa limependeza ajabu. Liling'aa kama enzi za Ardith, wallahi nilifurahi." Leland alikuwa anammiminia kahawa, na nusu yake ilimwagika mezani.

Bernadette aliifuta. Akashusha taa hadi asilimia ishirini na tano, akatandaza wavu juu ya tangi kuongeza kivuli, akamwonya asilisogeze tumbawe hata kwa bahati mbaya.

Saa sita mchana alimkuta Dewey kwenye duka lake la soseji.

"Nimchome Ardith, mimi?" Dewey alirusha aproni kwenye kaunta. "Nilibeba jeneza la yule mama! Nililisha samaki Ijumaa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi saa tatu asubuhi. Basi."

"Hukufuta kioo cha taa?"

"Nina wazimu? Ukifuta ukoko, mwanga unaruka mara mbili. Lazima ushushe taa siku hiyohiyo, uipandishe polepole wiki sita. Hata mwanachama wa juzi anajua hilo."

"Ulipotoka Jumamosi, ulipishana na mtu?"

"Binti yake tu, Corinne. Si huja kufanya usafi kila Jumamosi?"

Alhamisi saa kumi na moja jioni, Bernadette aliwakalisha wote watatu kwenye meza ya Leland. Corinne alikuwa ameleta keki ya tufaha, na hakuna aliyeikata.

"Huyu anatafuta nini mezani kwangu?" Leland alifoka, akimnyooshea Dewey kidole.

"Anatafuta kuombwa radhi. Tulia, mzee. Mwanachama angefuta kioo, angeshusha taa. Huyu hakushusha, kwa hiyo si mwenzetu. Na adui hasafishi vitu vya watu kwa siki. Siki ni ya mtu anayeipenda nyumba hii." Bernadette akamgeukia Corinne, na sauti ikalegea. "Lakini kwa nini taa moja tu, mwanangu?"

Corinne alifunika uso. "Kwa sababu ndiyo inayolimulika tumbawe la Mama. Kila Jumamosi, Baba, ulisema: 'Siku hizi mama yako simwoni vizuri, amefifia.' Nikapanda kigoda nikaangalia mwenyewe. Hakuwa amefifia, rangi zote zilikuwepo. Nikajua ni macho yako. Nikaogopa kukuambia, maana watakuzuia kuendesha gari, na bila gari ziwani huendi. Nikasema nikiongeza mwanga utamwona Mama, japo kidogo. Na sasa nimemuunguza!"

 Leland akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

"Mama yako, tangi letu la kwanza kabisa, aliosha kokoto kwa sabuni ya vyombo. Samaki saba wakafa siku moja. Na nikamwoa vivyo hivyo." Akamgeukia Dewey. "Wewe nimekuita muuaji. Nisamehe, bwana."

"Kwenye simu jana uliniita vibaya zaidi ya hapo. Nitafikiria. Nikatie keki."

Baadaye waliteremka wote chini. Dewey alimulika pembeni kwa kurunzi ndogo, akaangalia muda mrefu. "Limepauka, lakini nyama yake ipo. Halijafa. Kivuli, chakula kidogo kidogo, na mkono wa mtu usiingie humo. Tupewe miezi minne."

Leland aliinama hadi pua ikagusa kioo. "Mimi naona weupe tu. Corinne, niambie wewe."

Corinne akapiga magoti kando yake. "Huku chini kwenye shina, zambarau. Na hapa pembeni, vidole vidogo vidogo vimejitokeza. Vya kijani, Baba. Vinacheza."

Leland alimsikiliza hadi mwisho. Akatoa funguo za gari mfukoni, akazitia mkononi mwa binti yake.

"Jumatatu nipeleke kwa daktari wa macho," alisema. "Rangi ikirudi, nataka nimwone mwenyewe."