Falseta ya Vidole Vitatu

Casilda Heredia alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaa wa Santiago, hapa Jerez, kusini mwa Uhispania. Haya ninayosimulia nimeyapata kwake mwenyewe, na mengine kwa Visitación, ambaye ana kila sababu ya kumchukia. Sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke.

Siku ilianza kama siku yoyote ya Agosti mwaka ule wa 1975. Casilda aliloweka dengu, akafagia ua, akapaka gundi kucha za mkono wa kulia kama wafanyavyo wapigaji wote ili zisikatike kwenye nyuzi. Saa tisa mchana, mji mzima umefunga madirisha na kulala, yeye alibeba gitaa kwenda kwa Mzee Basilio Montoro kuanza mafunzo. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba barabarani hapakuwa na hata mbwa.

Lazima nieleze kidogo. Wazee wetu hawakuandika muziki. Ulikaa mbele ya mwalimu, goti kwa goti, ukamkodolea macho mikono, ukachukua ulichoweza. Na kila mpigaji alikuwa na falseta zake, vile vipande vifupi ambavyo gitaa hupiga peke yake mwimbaji anapovuta pumzi. Walizionea wivu kuliko wake zao. Wengine wakifika penye siri waligeuka na kuwapa watu mgongo.

Babu yake Casilda, Cayetano, alikuwa na falseta moja ya siguiriya, ule mtindo wa majonzi wa flamenco, ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Aliipiga kwa vidole vitatu tu vya mkono wa kushoto, maana kidole chake cha pete kilikuwa kimepinda na kufa. Casilda aliipokea vilevile, kidole cha pete amekikunja kiganjani ingawa chake kilikuwa kizima. Ndilo kosa letu sisi tunaojifunza kwa kutazama. Tunaiga mpaka kilema cha mwalimu.

Kidole hicho kilivunjwa. Cayetano na Basilio walikuwa vijana, marafiki wa kula sahani moja. Mwimbaji mmoja mkubwa alikuja kutoka Sevilla kutafuta mpigaji wa kuzunguka naye, na asubuhi ya siku ya kusikilizwa, mlango wa ghala la mvinyo ulifungwa juu ya mkono wa Cayetano. Basilio alisema ni upepo. Basilio akaenda na mwimbaji, akapata jina, akapata nyumba yenye ua na chemchemi. Cayetano akauza konokono wa kuliwa sokoni miaka arobaini na zaidi.

Machi mwaka ule, akiwa kitandani anakata roho, alimvuta Casilda sikio.

"Nenda kwake. Ipige mbele yake mpaka aseme kwa kinywa chake."

"Asiposema je, babu?"

"Atasema. Na akisema tu, mjukuu wangu, nyamaza. Weka gitaa chini, nenda zako. Usiongeze hata pigo moja. Likizidi, hilo si langu tena. Ni lako."

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Casilda hakwenda kule kujifunza. Alikwenda kulipiza, na alikwenda na furaha moyoni.

Mlango ulifunguliwa na Visitación, binti yake Basilio, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyojaa chokaa. Alikuwa anapaka kuta za darini.

"Wewe ndiye mwanafunzi? Pita. Usimchokeshe, moyo wake mbovu. Na akianza hadithi za Sevilla, jifanye una haraka."

Basilio alikuwa amekaa kwenye chumba cha chini, giza kidogo, mapazia ya ukindu yameteremshwa, mlango umeachwa wazi nusu ili hewa ipite. Mzee nadhifu. Viatu vinang'aa.

"Mwanamke na gitaa," akasema. "Nimeishi kuona mengi. Haya, binti, nionyeshe unachokijua, nijue pa kuanzia."

Casilda akapiga ile siguiriya. Akakunja kidole. Akapiga falseta ya babu yake, taratibu, bila kumficha mkono.

Basilio aliacha kujipepea.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa mzee mmoja muuza konokono."

Casilda alitegemea atafukuzwa. Lakini huwajui wapigaji wa kizazi kile. Yule mzee alikuwa ameitamani falseta hiyo maisha yake yote. Hofu ilimpita usoni, kisha tamaa ikaifuta. Akavuta kiti karibu, goti kwa goti, akachukua gitaa lake.

"Irudie," akanong'ona. "Polepole."

Basi mwalimu akawa mwanafunzi. Casilda akarudia mara tatu. Mara ya nne kulisikika kugonga mlangoni. Vifundo vya vidole juu ya mbao. Mafupi mawili, marefu mawili, fupi moja. Mapigo ya siguiriya, sawasawa kabisa.

"Visi! Acha kelele!" Basilio akafoka.

Sauti ya Visitación ikajibu kutoka juu kabisa, darini. "Kelele gani, baba?"

Siku ya pili Basilio alikuwa anamsubiri mlangoni kama mchumba. Alikuwa hajapata usingizi. Falseta ilimkataa kwa vidole vinne, kila mara ilimponyoka mahali palepale. Casilda akamwambia akikunje kile cha pete. Akakikunja. Ikatoka. Mzee akacheka kwa raha mpaka machozi yakamtoka.

Aliponyoosha mkono achukue glasi ya maji, kidole hakikunyooka.

"Ganzi tu," akasema. "Uzee."

Mlangoni paligongwa. Mafupi mawili. Marefu mawili. Fupi moja. Safari hii hakumwita Visi. Alimtazama Casilda, na Casilda akamtazama. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake amesikia.

Usiniambie mzee hangeweza kuacha. Angeweza. Angesema, binti, usirudi tena. Siku ya tatu alikuwa pale pale, gitaa pajani, kidole kimekuwa cheusi kama zeituni.

"Mara moja tu," akasema. "Kile kipande cha mwisho sijakishika."

Casilda akapiga.

Pakagongwa papo hapo. Kwa nguvu. Kutoka upande wa ndani wa mlango, pale ambapo wote wawili waliona mbao tupu. Kila alipopiga, paligongwa. Hakukosea hata mara moja yule mgongaji. Alikuwa anaijua.

"Nyamaza," Basilio akanong'ona.

Hakunyamaza.

"Nyamaza, binti. Nakuomba. Yumo humu."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Gitaa la mzee likaanguka sakafuni. Akasimama, akayumba, akashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto ili asianguke.

"Ni mimi," akasema. "Hapakuwa na upepo. Nilimwambia ashike mwimo nipitishe pipa. Nikaufunga. Nilimtazama usoni nikaufunga. Umeridhika? Ni mimi."

Kugonga kukakoma.

Chumba kikatulia kabisa. Mapazia hayakutikisika. Casilda aliniambia kwamba alihisi kama kuna mtu anashusha pumzi kando yake, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Babu amepata chake. Yamekwisha. Kilichobaki ni kuweka gitaa chini.

Lakini alimwangalia yule mzee na viatu vyake vinavyong'aa, akaona konokono ndani ya ndoo, akaona mkono wa babu yake ukihesabu peseta kwenye mvua. Neno moja la kunong'ona ndani ya chumba chenye giza. Hilo ndilo? Miaka yote ile, hilo ndilo? Hasira ilimpanda, na mimi nasema wazi kwamba hata mimi ingenipanda.

"Hujasikika," akasema. "Rudia. Kwa sauti. Dirishani, mtaa usikie."

Na akapiga.

Aliipiga kwa kasi, kwa chuki, kucha zikipiga mbao za gitaa. Hapakuwa na anayemgongea mapigo sasa. Alikuwa peke yake. Akaona mlango unasogea. Polepole. Hakuna upepo, na mlango unasogea. Basilio aliuona. Alivuta mkono. Mkono haukutoka kwenye mwimo.

"Binti," akasema. "Acha. Nimeshasema. Nimesema!"

Casilda hakuacha.

Mlango ulijifunga.

Ukafunguka. Ukajifunga tena.

Visitación alishuka ngazi mbio aliposikia yowe la mzee. Alimkuta baba yake sakafuni, moyo umesimama, mkono bado uko juu, umebanwa. Kilichomtisha zaidi, alisema, ni yule mwanafunzi. Alikuwa kitini, macho makavu, anapiga. Ilibidi amnyang'anye gitaa kwa nguvu.

Lilipotoka, vidole vya Casilda vilinyooka vyote isipokuwa kimoja.

Akasubiri wiki. Akakikanda kwa mafuta ya moto, akakifunga kijiti, akalia. Kupiga gitaa ndiyo maisha aliyoyataka tangu utoto, na kidole cha pete kilikaa kimejikunja, baridi, hakisikii hata sindano. Mwishowe akapanda treni kwenda kwa daktari wa mifupa Sevilla, na dada yangu akamsindikiza.

Daktari aliiinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Hiki kilivunjika lini?"

"Hakijawahi kuvunjika."

"Kimevunjika mahali pawili. Kikajiunga vibaya, bila daktari." Akasogeza miwani. "Tena zamani sana. Mfupa ulikuwa umeshakomaa ulipovunjika, na tangu hapo naona kama miaka arobaini. Wewe una miaka mingapi, binti?"

"Ishirini na minne."

Daktari akamwita muuguzi, akamgombeza kwa kuchanganya picha za wagonjwa, akaagiza nyingine ipigwe mbele ya macho yake mwenyewe. Ilipotoka akaiweka juu ya ile ya kwanza, dirishani, zikalingana mstari kwa mstari. Muuguzi hakumgombeza tena. Aliwarudishia Casilda na dada yangu picha zote mbili, na hakutaka malipo.