Bibi Ni Kidoti Kipi?

Kila asubuhi Chiriku aliamka, akapiga mswaki, akaanza kuongea. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Lakini likizo hii alikuwa na kazi. Alikaa kwenye benchi la hospitali na daftari na saa, akiandika kila mgonjwa amefika dirisha la kadi saa ngapi na ameondoka saa ngapi.

Namba hizo alimkusanyia shangazi yake, mtaalamu wa kompyuta. Shangazi alikuwa amejenga hospitali ya kuigiza ndani ya kompyuta, yenye milango, madirisha na vidoti vyekundu badala ya wagonjwa.

"Humu tunahamisha wahudumu bila kumsumbua mtu," alieleza. "Tukiona foleni imepungua, ndipo tunafanya kwelikweli."

Bibi, ambaye kila mwezi alisimama kwenye foleni hiyo na magoti yake mabovu, alichungulia. "Na mimi ni kidoti kipi?"

"Kile kinacholalamika!" alidakia Chiriku. Wote wakaangua kicheko.

Siku ya tatu, Chiriku alimkuta rafiki yake wa darasani pale kwenye benchi. Soga zikanoga. Alipozinduka, saa nzima ilikuwa imepita, tena ile yenye watu wengi kuliko zote. Akajaza ukurasa harakaharaka, kila mgonjwa akimpa dakika chache tu: tano, sita, nne, tano. Nani atajua?

Jioni vidoti vilipita dirisha la kadi bila kusimama. "Kumbe hapa hakuna shida!" alisema shangazi. "Kesho nitamshauri muuguzi mkuu amtoe mhudumu mmoja hapa, ampeleke dirisha la dawa."

Bibi akamgusa Chiriku paji la uso. "Huyu mtoto anaumwa? Hajasema neno tangu tukae!"

Chiriku aliyawaza yale magoti. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Shangazi, namba za leo nimezitunga. Nilikuwa napiga soga."

Shangazi hakufoka. "Umefanya vibaya, na umefanya vizuri kusema. Kesho tunahesabu upya, wote wawili."

Safari hii Chiriku alikodoa macho. Ndipo akagundua jambo. "Shangazi, yule mama mwenye kitenge cha bluu amerudi! Wakitoka kwa daktari wanapanga foleni ileile tena, kugongewa muhuri wa dawa!"

Shangazi aliuhamishia muhuri dirisha la dawa, kwenye kompyuta kwanza. Foleni ikayeyuka. Muuguzi mkuu alipoona, naye akauhamisha kwelikweli.

Mwezi uliofuata bibi alirudi kutoka hospitali kabla chai ya asubuhi haijapoa kwenye chupa. "Nimewahi mno," alinung'unika huku akicheka. "Sikupata hata wa kumlalamikia!"

Chiriku aliruka kwa furaha. Shangazi akamshika bega.

"Kompyuta huamini kila inachoambiwa, mwanangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ila foleni yake ni ndefu, na anayesimama humo ni bibi yako."