Kitabu Alichokitetea Cheche

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cheche na mdogo wake walikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kukunja mashuka. Mama yao alikuwa dobi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, ndoo ya wanga, na kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Mama hakupokea nguo ya mteja kabla ya kuigeuza ndani nje. "Doa halikai kifuani," alizoea kusema. "Hujificha kwenye mshono."

Shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Cheche alishika pembe za huku, mdogo wake za kule. Wakavuta, wakakutana, wakaachana, mithili ya watu wanaotaka kusalimiana kisha wakaghairi. Mdogo huyo aliitwa Nukta kwa sababu ya udogo wake. Alizaliwa kiziwi. Nyumbani walizungumza naye kwa mikono, lugha ya alama aliyoileta mwenyewe kutoka shuleni akawafundisha wote, na mama alipokosea ishara, Nukta alimpiga kofi dogo la vidole. Lakini mwenye kushika shuka mikono yake imejaa, basi hapo walisemezana kwa nyusi.

Nukta alikuwa na mchezo wake. Alingoja Cheche avute kwa nguvu, kisha akaachia ghafla. Puu! Cheche chini, miguu juu, na Nukta anacheka kile kicheko chake kikubwa kilichojaza chumba.

"We mtoto, utamvunja mwenzio kiuno!" mama hufoka. Halafu hukumbuka kwamba anayefokewa hasikii, akamtikisia kidole.

Na Cheche, dada yake, je? Jina hilo alipewa na mama kwa ajili ya hasira. "Huyu ukimpulizia kidogo tu, anawaka." Siku hizo alikuwa anawaka kwelikweli. Shule ilikuwa imepata fedha za vitabu vipya vya hadithi, na chama cha wasomaji, ambacho Cheche alikuwa mwanachama wake, kilipewa kazi ya kuchagua. Mwenye duka la vitabu aliwaachia katoni nzima ya vitabu ili wavisome kwanza.

"Tazameni kabati letu!" Cheche aliwaambia wenzake siku ya mkutano, mkono kiunoni. "Wana wa wafalme wamejaa tele. Watoto wa matajiri na mbwa wao wamejaa tele. Kiziwi yuko mmoja, na huyo ni mwizi wa kuku anayechekwa na kijiji kizima! Na sisi tuna darasa zima la viziwi pale mwisho wa baraza. Hamwoni aibu?"

Waliona aibu. Kila mmoja aliinamisha kichwa. Hata hivyo, hakuna aliyegundua kwamba pale mezani hapakuwa na mtoto kiziwi hata mmoja. Cheche mwenyewe hakugundua.

Mwalimu wa maktaba aligawa vitabu, kila mtu kimoja. "Nendeni mkavisome mpaka mwisho. Kisha kila mmoja aje akitetee kitabu chake au akikatae. Sinunui kitabu kwa sura."

Cheche aliwasukuma watu kwa viwiko akajinyakulia kile alichokuwa amekipigia jicho. Jaladani palikuwa na msichana mdogo aliyeinua mkono, vidole vimekaa sawasawa, akisema "rafiki" kwa lugha ya alama. Moyo ulimruka. Jioni ile alisoma kurasa tatu: msichana kiziwi yuko sokoni na mama yake. Safi kabisa! Akakiweka pembeni. Kijana mmoja wa chama hicho, waliyemwita Miwani, alikuwa amemwazima hadithi ya majambazi, na majambazi wale walikuwa wamefika mahali ambapo mtu hawezi kuwaacha. Jioni ya pili majambazi, ya tatu majambazi. Siku ya mkutano ikafika, na kile cha msichana kilikuwa bado ukurasa wa tatu.

Cheche alikitetea kama wakili. Alikipunga hewani, akaonyesha picha, akapiga meza.

"Mwisho wake unakuwaje?" Miwani aliuliza.

"Mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Mzuri wa kufurahisha! Kwani wewe una nini? Hutaki viziwi wawe na kitabu chao? Sema tu tukujue!"

"Eeeh!" wenzake waliguna, macho yote kwa Miwani. Maskini alivua miwani yake, akaifuta kwa shati.

"Umekisoma chote?" mwalimu alimuuliza Cheche.

"Chote, mwalimu."

Uongo ule ulitoka mwepesi kama povu la sabuni. Zikanunuliwa nakala za kutosha darasa zima la viziwi, na Nukta akaja na yake nyumbani, ameikumbatia kifuani.

Haukupita muda Nukta akabadilika. Aliamka kabla ya wote, akafagia. Aliosha vyombo bila kusukumwa. Akipewa kipande kikubwa cha mkate, alikirudisha akachukua kidogo. Nguo alizikunja moja moja, na shuka alilishika mpaka mwisho bila kuliachia.

"Mwanangu amekua," mama alisema, akifurahi.

Cheche hakufurahi sana. Kila alipovuta shuka alijiandaa kuanguka, na haanguki. Kulikuwa na kitu kimepungua mle chumbani, ila hakujua ni nini.

Mchana mmoja mama alitoka kupeleka mzigo kwa mteja. Cheche alikuwa uani anaanua nguo aliposikia ukelele. Alikimbia ndani. Pasi ilikuwa sakafuni, makaa yametawanyika, na Nukta amejishika mkono. Alikuwa amepanda juu ya kigoda apige pasi peke yake, na ile pasi nzito ikamponyoka, ikamgusa mkono kabla ya kudondoka.

Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudi, aliingia nyuma yake. Hakuuliza neno. Aliukamata ule mkono akaumwagia maji safi ya baridi, kata baada ya kata, bila kukoma.

"Mpake dawa ya meno, shoga yangu," jirani aliyechungulia mlangoni alishauri.

"Dawa ya meno ni ya meno!" mama alimkata. "Moto unapozwa kwa maji, kisha mtoto anapelekwa kwa mganga wa zahanati. Na wewe Cheche! Mdogo wako anashika pasi, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Waliporudi kutoka zahanati, mkono umefungwa kitambaa cheupe, mama alikaa mbele ya Nukta. "Kwa nini?" alimuuliza kwa alama. "Nani alikutuma kupiga pasi?"

Nukta alitumia mkono mmoja uliobaki, polepole. "Hakuna. Kitabuni. Msichana alikuwa mtiifu. Alimsaidia mama yake. Hakununa, hakuwa mlafi. Ukurasa wa mwisho masikio yake yakafunguka, akasikia ndege." Akapumzisha mkono, halafu akaendelea. "Mimi nimefanya yote. Bado hayafunguki. Mama, nimekosea wapi?"

Mama alifunika uso kwa kanga. Cheche alikichukua kitabu, akafunua mwisho. Msichana kiziwi amesimama dirishani, ndege tawini, na maneno chini yake: "Hiyo ndiyo zawadi ya mtoto mwema."

Damu ilimpanda kichwani. Zawadi! Kwa hiyo Nukta, anayelala akiwa ameshika kidole cha dada yake, ni mtoto mwovu? Na watoto wote wa lile darasa la mwisho wa baraza, waovu watupu?

Kesho yake aliingia maktaba kama kimbunga, hata shikamoo akaisahau. Mwalimu alikuwa anapanga vitabu pamoja na Miwani.

"Mwalimu, nani ameandika takataka hii? Na yule mwenye duka, haoni? Mdogo wangu ameungua mkono kwa sababu yake! Nitavichoma vyote, mwalimu, naapa, nitavitia kwenye pasi ya mama!"

Mwalimu alisoma ule ukurasa akiwa amesimama. Alipomaliza, midomo yake ilikuwa imekaza. "Na mimi nimekasirika," alisema. "Nimemkasirikia aliyekiandika na aliyekileta. Nimejikasirikia na mimi mwenyewe, niliyenunua kwa neno la mtu. Sasa niambie, Cheche. Mtu huyo alisema amekisoma chote."

Cheche alifungua mdomo. Uongo mwingine ulikuwa tayari pale ulimini: nilisahau, kurasa zilikuwa zimegandana. Lakini macho yake yalikutana na ya Miwani.

"Ulinitukana mbele ya wote," Miwani alisema. "Mimi niliuliza swali moja tu. Mwisho wake unakuwaje? Ukanifanya niwe mtu anayewachukia viziwi. Tangu siku ile hakuna anayetaka kukaa nami. Umetuuzia mbuzi kwenye gunia, halafu leo unakuja kutupigia kelele sisi!"

"Sikukisoma," Cheche alisema. "Kurasa tatu tu. Nilikuwa nasoma kile chako cha majambazi."

"Ndiyo maana kilirudi kina wanga," Miwani alijibu, bila kutabasamu.

"Nisamehe. Na kwenye mkutano nitasema mbele ya wote, kama nilivyokutukana mbele ya wote."

Akafanya hivyo, masikio yakimwaka moto. Kisha yeye, Miwani na mwalimu walibeba zile nakala mpaka dukani. Mwenye duka alikuna kidevu. "Si mlitaka kitabu chenye kiziwi? Hicho hapo, kiziwi yumo."

"Tulitaka mtoto, mzee," Cheche alimjibu. "Huyu umetuletea mtoto anayetengenezwa kama redio mbovu."

Mzee alisoma ule ukurasa, akaguna, akakubali kuvibadilisha. Nakala moja tu mwalimu aliibakiza, aiweke mezani kwake, ili atakayeuliza kwa nini kitabu kilikataliwa aonyeshwe.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Cheche alipiga magoti mbele ya Nukta. "Kitabu kimesema uongo," alimwambia kwa mikono. "Na mimi nilisema uongo, ndiyo maana kikakufikia. Wewe hujakosea popote. Masikio si zawadi, wala si adhabu."

Nukta alimtazama. Kisha akafumba macho. Kiziwi akikufumbia macho, amekufungia mlango na komeo. Huna pa kubisha. Hakumsemesha Cheche siku hiyo, wala iliyofuata. Hasira ilikuwa haki yake.

Mwalimu naye aliweka sharti jipya: kitabu kinachosimulia watu fulani kisomwe kwanza na watu hao wenyewe. Darasa la mwisho wa baraza likakaribishwa mezani, na mwalimu wao akatafsiri. Nukta alikalia kiti cha mbele, kitambaa mkononi, mkali kama hakimu. Hiki? Kidole gumba chini: msichana kiziwi analia kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiki? Chini: yumo, ila anabeba maji tu ya watu wengine. Cheche alimsukumia kingine alichokisoma chote, mara mbili, ambamo mtoto kiziwi anaokoa mji mzima. Chini!

"Kwa nini?" Cheche aliuliza.

"Mpaka aokoe mji ndipo apendwe?" Nukta alijibu, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu alipomfumbia macho.

Mwishowe aliinua gumba juu mara mbili. Kitabu cha kwanza kilikuwa na msichana kiziwi mtundu, aliyemfungia mwalimu wake chooni kisha akajuta. Cha pili hakikuwa na kiziwi hata mmoja. Kilisimulia golikipa mwoga, naye Nukta alikicheka mpaka akashika mbavu. Miwani alicheka naye, bila kujua anachekea nini.

Asubuhi iliyofuata walirudi kwenye mashuka. Mama alikuwa akigeuza suruali ya mteja ndani nje, akikagua mshono.

"Cheche, mwanangu," alisema, "hasira yako ilikuwa ya haki. Kabati lile liliwaonea watoto wengi, na asiyekasirika kwa hilo ana moyo wa jiwe. Lakini hasira ya haki haikupi ruhusa ya kudanganya, wala haikusomei kitabu. Ukipewa kuwachagulia wengine, kifungue mpaka mshono wa mwisho. Na ukitaka kumtetea mtu, muulize kwanza yeye anataka nini. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Alikuwa amegeuza shingo kumjibu mama, shuka amelivuta kwa nguvu zake zote. Upande wa pili, Nukta alipandisha nyusi, akaachia.

Puu!

Kicheko kikubwa kikajaza chumba. Cheche, chali sakafuni, shuka limemfunika uso, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama alifungua mdomo afoke, akaufumba, akachukua pasi.